Baba anasema watoto ndio pensheni: jibu kwa mwalimu wa Arua

*"Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Arua. Mwaka huu nina watoto 118 katika chumba kimoja. Dada yangu mkubwa anahudumia wazee kaskazini mwa Italia, na kila akipiga simu ananiambia kwamba katika mji mdogo anakoishi shule imefungwa kwa kukosa watoto. Waliobaki mtaani ni wazee na mbwa wao. Nikimweleza darasa langu anacheka, halafu ananyamaza. Nina watoto wanne. Mke wangu ana miaka 33 na anataka tuishie hapo, maana uzazi wa mwisho alitokwa na damu nyingi. Baba yangu, ana miaka 79, hataki kusikia. Anasema watoto ndio pensheni, na kwamba Wazungu wamezeeka kwa sababu ya dawa za uzazi wa mpango na sasa wanataka na sisi tuishe. Shemeji yangu anasema siyo hivyo, Wazungu wamezeeka kwa sababu wanaishi sana, na sisi tumekuwa nchi ya vijana kwa sababu tunakufa mapema. Redioni nasikia kila siku kwamba ujana wetu ni utajiri. Nani anasema kweli? Na mimi nifanyeje?"*

Mwalimu, salaam na pole kwa watoto 118. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la nchi: kwa nini Italia imejaa wazee na Uganda imejaa watoto. Lingine ni la nyumba yako: mkeo, baba yako, na nani atakushika mkono ukizeeka. Nitaanza na la nchi, maana baba na shemeji yako wote wawili wanaegemea hapo kuamua la nyumba.

Shemeji yako amesema jambo ambalo hata wanafunzi wangu wa chuo husema siku ya kwanza: nchi huzeeka kwa sababu watu wake wanaishi sana. Inaonekana dhahiri kabisa. Lakini siyo sababu kubwa. Kinachoamua umri wa nchi, kuliko kitu kingine chochote, ni idadi ya watoto ambao kila mama anazaa.

Ili usiniamini tu kwa maneno, chukua punje za mahindi ukae na Mzee wako uani. Panga punje mbili juu: hao ni babu na bibi, na tuseme wote wawili wamejaliwa kufika miaka 90. Chini yao panga punje sita, watoto wao. Chini ya kila mtoto panga punje sita tena, wajukuu 36. Wakwe tuwaache nje ili hesabu isituchoshe. Jumla ni 44, na wazee ni wawili. Sasa panga boma la pili pembeni. Babu na bibi wawili, nao wafike 90 vilevile. Wamezaa wawili, na kila mmoja kazaa wawili. Jumla ni punje nane, na wazee ni wawili kati ya nane, yaani robo nzima.

Wazee wa maboma yote mawili wameishi miaka ileile. Hakuna aliyekufa mapema wala aliyeishi zaidi. Ila boma la kwanza ni la watoto na la pili limezeeka. Ukipanga la tatu, la mtoto mmoja na mjukuu mmoja, wazee wanakuwa nusu ya boma.

Hesabu hii ni ya mkato, lakini haiko mbali na hali halisi. Sensa yetu ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9. Kama nusu yao hawajafika miaka 18, na waliofika 60 na kuendelea ni kama watano katika kila mia. Italia, waliofika 65 na kuendelea ni karibu robo ya watu wote. Umri wa katikati, yaani ule ambao nusu ya watu wako chini yake na nusu juu yake, kwetu ni kama miaka 17. Italia ni kama 48. Mama wa Uganda, kwa utafiti wa afya na watu wa 2022, anazaa wastani wa watoto 5.2. Wa Italia anazaa kama 1.2.

Kuna namba nyingine ambayo dada yako ataielewa haraka. Mwaka 2023 Italia nzima, yenye watu karibu milioni 59, ilizaa watoto wasiofika 400,000 na ikazika watu zaidi ya 600,000. Sisi ni wachache kuliko wao, lakini kwa mwaka tunazaa watoto zaidi ya milioni moja na nusu. Darasa lako na shule iliyofungwa kule vinatokana na hesabu hiyohiyo. Ingawa niongeze kwamba mji mdogo wa dada yako unaonyesha mambo makali kidogo kuliko yalivyo. Vijana wa miji ya namna hiyo huhamia Milano na kwingineko, kwa hiyo mji unapoteza watoto mara mbili: wasiozaliwa, na wale waliozaliwa wakaondoka.

Kuhusu kufa mapema nako kuna kosa la hesabu linalotusumbua Afrika nzima. Mtu akisikia kwamba zamani wastani wa maisha ulikuwa miaka 45, anadhani watu walikuwa wakifikisha 45 wanaanguka. Chukua watu watano. Wawili wafariki wakiwa wachanga, watatu wafike miaka 75. Wastani wao ni 45, na hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 45. Waliokuwa wanakufa kwa wingi ni watoto. Utafiti wa 2000 na 2001 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa Uganda, kama 150 hawafiki miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 52. Hilo ni badiliko kubwa kuliko karibu yote niliyoyaona katika kazi hii, na halikuja kwa kelele. Lilikuja kwa chanjo, vyandarua, maji safi, na wakunga wa vituo vya afya ambao majina yao hayatangazwi popote.

Sasa angalia linalowashangaza wengi. Mtoto aliyeokolewa na chanjo anaongezwa upande upi wa hesabu? Upande wa watoto. Kwa hiyo nchi inapoanza kushinda vifo, kwanza inakuwa changa zaidi. Kuzeeka huja baadaye, akina mama wanapoona kwamba watoto wao wanapona na kuanza kuzaa wachache. Kati ya hatua hizo mbili hupita miaka, vifo vikiwa vimeshuka na uzazi ukiwa bado juu, na ni katika pengo hilo ndipo watu huongezeka kwa kasi. Sisi tuko katikati ya pengo hilo. Mwaka 1969 tulikuwa milioni 9.5. Mwaka 2002 tulikuwa kama milioni 24. Miaka 22 baadaye tukakaribia milioni 46.

Ulaya ilipita humohumo, ila polepole. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 110 kutoka kuwa na wazee (wenye miaka 65 na kuendelea) 7 katika kila mia hadi 14. Ilikuwa na muda wa kujenga hospitali, kupanga pensheni, na kukosea na kurekebisha. Japani ilipita umbali uleule kwa miaka kama 24. Korea Kusini ilitumia 18 hivi. Korea hiyo, mwaka 1960 mama alizaa wastani wa watoto sita, zaidi ya sisi leo. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72. Ninataja haya kwa sababu tunazoea kuwaza kwamba uzee ni jambo la Wazungu. Ni jambo la kila jamii ambayo uzazi wake unashuka, na wanaochelewa kuanza hupita njia hiyo kwa mwendo wa kasi zaidi, mara nyingi kabla hawajatajirika.

Hapo ndipo namjibu Mzee wako, na namjibu kwa heshima zote, maana hofu yake haikutoka hewani. Watu wa rika lake wameona watawala wa kigeni wakiamua mambo ya miili na ardhi yao bila kuwauliza. Lakini hesabu hazimuungi mkono. Ufaransa ilianza kupunguza uzazi mwishoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka 150 kabla kidonge cha kwanza cha uzazi wa mpango hakijaanza kuuzwa. Dawa hurahisisha uamuzi ambao watu wameshaufanya. Uamuzi wenyewe hutokana na mambo mengine: mtoto anapona, msichana anabaki shuleni, karo inapanda, ardhi inabana. Tuangalie jirani zetu badala ya kwenda mbali. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mama alizaa wastani wa watoto wanane, zaidi kuliko Uganda ya wakati ule. Utafiti wao wa 2022 ulikuta 3.4. Je, Wakenya wameisha? Nenda Busia siku ya soko uone. Bado wanaongezeka kila mwaka.

Wanaongezeka kwa sababu idadi ya watu haina breki ya kukanyaga na kusimama palepale. Rudi kwenye punje, safari hii hesabu wanawake tu. Bibi mmoja amezaa mabinti watatu. Kila binti akaamua kuzaa binti mmoja tu. Bibi akifariki anaondoka mtu mmoja, lakini nyuma yake wako mabinti watatu na wajukuu watatu, na vitukuu watatu wako njiani. Hivyo hata kama kila mama wa Uganda angeamua leo kuzaa wawili tu, tungeendelea kuongezeka kwa miaka mingi sana, kwa sababu mama wa kesho wameshazaliwa. Baadhi yao wamekaa mbele yako darasani. Mwambie Mzee kwamba hofu ya kwisha tuiweke chini kabisa.

Kuna sehemu moja ambayo baba yako ana haki, na sitaki kuipita. Nchi ikishuka sana chini ya watoto wawili kwa mama, inapata maumivu ya kweli. Korea imemwaga fedha nyingi kuwashawishi vijana wazae na haijafanikiwa. China ilibana familia kwa sera ya mtoto mmoja kuanzia 1980 hadi 2015, kisha ikageuka kuomba watoto, na mwaka 2022 idadi ya watu wake ikaanza kupungua hata hivyo. Kulazimisha watu wasizae ni kosa, na walipolazimishwa ndipo penye majeraha. Lakini kutoka 5.2 hadi wawili ni safari ndefu, na mkeo kutaka kuishia watoto wanne hakulifanyi taifa la Uganda litoweke.

Nije kwenye redio. "Ujana wetu ni utajiri." Nimeisikia kauli hii mikutanoni mara nyingi mno, na huwa inaniuma kwa sababu nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine huachwa. Kinachoitajirisha nchi ni kipindi ambacho wenye umri wa kufanya kazi ni wengi kuliko wanaowategemea, watoto kwa wazee. Kipindi hicho hufunguka uzazi unaposhuka: watoto wapya ni wachache, wale wengi waliozaliwa zamani wameshakuwa watu wazima, na wazee bado hawajawa wengi. Mshahara mmoja unalisha vinywa vichache, kinachobaki kinasomesha na kuwekezwa. Korea na Thailand zilikitumia vizuri. Ila kuwa na watoto wengi tu, bila uzazi kushuka, hakufungui chochote. Na hata kikifunguka, kijana asiye na ujuzi wala kazi hazalishi utajiri kwa sababu tu ana miaka 22. Kipindi chenyewe hakidumu. Hufunga wale vijana wanapozeeka, na kwa Korea kimeshaanza kufunga.

Wewe unalijua hili kuliko mimi, Mwalimu, kwa sababu unalishika kwa mikono. Elimu ya msingi bila karo ilipoanza 1997, kwanza iliahidiwa watoto wanne kwa kila familia. Mwaka mmoja tu wanafunzi wakatoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano. Tangu hapo serikali inajenga madarasa, na kila yakiisha kujengwa watoto wamepita idadi yake. Nchi ambayo uzazi wake umeshuka ikijenga darasa jipya, inapunguza msongamano. Sisi tukijenga tunawapokea tu waliozaliwa. Watoto 118 hawawezi kufundishwa kusoma na mtu mmoja hata awe hodari namna gani, na ninaomba usijilaumu kwa hilo.

Nilikuwa msimamizi wa uwanjani katika mojawapo ya sensa zetu, na kuna boma moja ambalo haliniondoki kichwani. Tulifika jioni. Bibi wa nyumba alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage, na karibu naye watoto kumi na mmoja wakila posho kwenye sinia mbili. Karani akauliza kila mtoto ni wa nani. Bibi akawataja mmoja mmoja: huyu wa binti yangu aliyefariki, huyu wa kaka yake aliyefariki, huyu wa yule aliyeko Kampala, huyu nilimkuta. Karani alipomuuliza umri wake yeye, akafikiri, akasema, "Andika sitini." Nikamuuliza Amin alipochukua nchi alikuwa na nani. Akasema mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea na wa pili yuko mgongoni. Nikahesabu kwa vidole tangu 1971, na haikuwa sitini. Ndivyo sensa zetu zinavyopata wazee wengi mno wenye miaka 60, 70 na 80 kamili, na wachache wa 61 na 79. Kumbuka jambo hili la umri, nitalirudia mwishoni.

Boma lile linaonyesha kingine ambacho hesabu za punje hazionyeshi. Ukimwi wa miaka ya 1980 na 1990 uliwachukua watu wa katikati, wale wa umri wa kulea na kulima. Bibi alizaa wengi ili awalee na wao wamlee uzeeni, na badala yake yeye ndiye aliyebaki analea. Namwelewa kabisa Mzee wako anaposema watoto ndio pensheni. Kwa kizazi chake ilikuwa kweli: hapakuwa na benki kijijini, watoto wengi walikufa, na ukitaka wawili wakubakie ilibidi uzae sita au saba. Ni akili, wala siyo ujinga. Kilichobadilika ni sababu zile. Leo ukizaa wanne, uwezekano mkubwa sana ni kwamba wote wanne watakua. Na mtoto wa leo hakusaidii uzeeni kwa kuwa tu yupo. Anasaidia akiwa na kitu mkononi. Shamba la babu likigawiwa wanne, kila mmoja anapata kipande cha kulimia. Likigawiwa wanane, wanapata ugomvi na kesi kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Ada ya sekondari ni ileile: wanne unaweza kuwasukuma hadi ufundi au kidato cha sita ukijinyima, wanane utachagua nani abaki nyumbani, na mara nyingi anayebaki ni msichana, ambaye ataanza kuzaa akiwa na miaka 17, na gurudumu litazunguka tena.

Mtazame dada yako. Mmoja, mwenye kazi, anatuma fedha. Bila shaka yeye peke yake anambebea Mzee mzigo ambao watu watano wasio na kazi wasingeubeba. Na kazi yake ipo kwa sababu Italia ina wazee wengi na mabinti wachache wa kuwatunza. Wanawaita badante, wanawake waliotoka Romania, Ukraine, Ufilipino, Peru, na sasa hata kwetu. Naomba umuulize siku moja, ukiwa umetulia, kwa nini ananyamaza baada ya kucheka. Anaosha na kulisha mzazi wa mtu mwingine huku wa kwake akiwa Arua, na hilo lina uzito wake.

Sasa la nyumba yako. Mimi ni mtu wa hesabu za watu, siyo mganga wala mkunga, kwa hiyo nisikilize kwa kipimo hicho.

Jambo la kwanza na la haraka kuliko yote uliyoandika umeliweka katikati ya sentensi kama kitu kidogo: mkeo alitokwa na damu nyingi uzazi wa mwisho. Mwanamke aliyewahi kutokwa na damu hivyo yuko katika hatari zaidi ya kutokwa tena, na hatari huongezeka tena uzazi unapokuwa wa tano na kuendelea. Kutokwa na damu ni miongoni mwa mambo yanayoua mama wengi zaidi nchini mwetu. Kabla hujamaliza mazungumzo na baba yako, mpeleke mkeo kituo cha afya cha daraja la tatu, au la nne kama kiko karibu, nanyi muende wawili. Mwambieni mkunga historia yote: damu, presha kama anayo, kichwa kikali, na kama sasa anatokwa na damu nje ya siku zake. Hilo la mwisho likiwepo, msisubiri hata wiki.

Hapo kituoni mtaelezwa njia. Kuna sindano ya kila miezi mitatu, vijiti vya mkononi vinavyokaa miaka kadhaa, kitanzi cha kizazi, na kwa waliokata shauri kabisa, kufunga mirija ya mama au upasuaji mdogo wa baba. Kila moja ina uzuri na usumbufu wake. Sindano huwavuruga baadhi ya wanawake siku zao, vijiti pia. Kitanzi kinahitaji mhudumu aliyezoea kukiweka. Kufunga ni kwa kudumu, msikufanye kwa hasira wala kwa haraka. Upasuaji wa baba ni mwepesi kuliko wa mama, na wanaume wengi wanaukimbia kwa kudhani unamaliza nguvu zao. Haumalizi. Ninayekuandikia haya sijui mwili wa mkeo, na hakuna jibu la gazetini linaloweza kuchukua nafasi ya mkunga aliyempima. Kinachonihusu mimi ni kwamba wa kuchagua ni yeye, nawe ukiwa pembeni yake, na babu akiwa amesikilizwa kwa heshima.

Jambo la pili ni pensheni. Umesema shule yako ni ya serikali, ila hukusema kama uko kwenye malipo ya serikali au unalipwa na wazazi. Kuna tofauti kubwa. Ukiwa kwenye malipo ya serikali, una pensheni ukistaafu ukiwa na miaka 60, inayolipwa kutoka hazina. Italia nako pensheni za wazee hulipwa na michango ya wanaofanya kazi leo, na ndiyo maana kupungua kwa vijana kunawanyima usingizi. Ukiwa unalipwa na wazazi, huna pensheni hiyo. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022, kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kukuchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 10 kutoka kwake na 5 kutoka kwenye mshahara wako. Uliza wiki hii. NSSF haitegemei watakaozaliwa kesho, kwa sababu kilicho chako ni kile kilichowekwa kwa jina lako pamoja na riba. Usipopata huko, hata kikundi cha kuweka na kukopa cha walimu, kama hesabu zake husomwa mbele ya wanachama wote, ni bora kuliko kungoja. Lakini pesa ndogo iliyowekwa miaka 20 huliwa na mfumuko wa bei kama imelala sandukuni, kwa hiyo usiilaze sandukuni.

Sikudanganyi kwamba haya yanatosha. Kwa Mganda wa kawaida, mkulima au mchuuzi, serikali bado haijaandaa uzee wake. Wazee ni watano tu katika mia, kwa hiyo hawaonekani, lakini watano katika mia ya watu milioni 46 ni zaidi ya watu milioni mbili, na idadi yao itapanda katika maisha yako. Wakati wa kuwaandalia mfumo ni sasa wakiwa wachache. Familia itaendelea kubeba sehemu kubwa, na sioni aibu kusema kwamba nitafurahi ikibeba.

Ukiongea na Mzee usiende na namba zangu. Nenda na punje, na umuulize swali moja: kati ya ndugu zake wa tumbo moja, wangapi walikufa wadogo? Mwache ataje majina. Kisha mtajie wajukuu wake wanne, wote wazima. Nadhani mtafika mbali zaidi hapo kuliko kwa mabishano juu ya Wazungu. Na kama bado atakataa, mpate mtu wa rika lake anayemheshimu, shehe au padri au mzee wa ukoo ambaye binti yake alipona kwa shida uzazini. Akikasirika, muache apoe. Mkeo hapaswi kusubiri apoe.

Na kwa kuwa ana miaka 79, kuna ruzuku ya serikali ya wazee, ile ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliofika 80. Ni kidogo, lakini ni ya kwake mwenyewe. Wanaangalia umri ulioandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, hawamuulizi alikuwa na nani Amin alipoingia. Kitoe kitambulisho chake leo jioni uusome mwaka wa kuzaliwa. Kama karani alimwandikia mwaka wa kubahatisha unaomfanya kijana, anza marekebisho sasa huko NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, ukiwa na cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani aliyonayo, kisha umwone afisa wa maendeleo ya jamii wa kata ndogo yenu kabla mwaka haujaisha.